Udongo wa Kipushi hausemi mambo ya Kolwezi

Kidole cha kati cha mkono wa kulia wa baba kilipasuka siku ya Jumapili, kabla ya misa ya pili. Hakikutoka damu wala usaha. Kilitoka kitu cheupe, laini, kama pemba iliyolowa maji, ule udongo mweupe ambao wajawazito wa Lubumbashi hununua vipande vipande sokoni wakautafuna. Mama alikipokea kwa ncha ya kitenge, akakisugua kati ya vidole viwili, akaniangalia bila kusema neno. Jirani aliyekuwa amekuja kuomba chumvi alikiona pia. Kabla jua halijazama, avenyu yetu yote hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ilikuwa na jibu, kwamba amerogwa: "Ule muzee alikanyaga dawa. Anatoka pemba mu mwili."

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 14 sasa. Nilijua kile kitu ni nini kabla Mama hajamaliza kukisugua: gauti, ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma. Lakini ugonjwa ulioufahamu darasani ukiuona unatoka kwenye mkono uliokubeba mgongoni, elimu yote inakimbia. Nilimfunga baba bandeji, nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia.

Niliporudi, baba hakuniuliza kama kidole kitapona. Aliniuliza, akiniita "Mama" kama kawaida yake: "Mama, umebakisha kidogo? Tupeleke ku labo."

Huyo ndiye baba yangu. Alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, miaka 27, na miaka mingi kati ya hiyo alikuwa mchukua sampuli. Tulipokuwa watoto alituonyesha kazi yake uani, kwa mchanga. Unamimina rundo la mawe yaliyosagwa mpaka lisimame kama kichuguu. Unalibonyeza juu lilale. Unaligawa robo nne kama mkate, unaondoa robo mbili zinazotazamana, mbili zilizobaki unazichanganya, unaanza tena, na tena, mpaka rundo kubwa linabaki mfuko mdogo wa kushika mkononi. Ule mfuko ndio unaokwenda labo, na ndio utakaosema kama kuna shaba au hakuna. Ukikosea kuchukua sampuli, alituambia, hakuna mashine itakayokuokoa, maana mashine itapima vizuri kabisa kitu ambacho sicho.

Basi tulipeleka. Kijana wa labo alikuwa na heshima, akamwachia mzee kiti, akamwacha aweke jicho kwenye mikroskopu. Baba alikaa pale muda mrefu. Chini ya lenzi ile pemba haikuwa pemba tena: zilikuwa sindano, nyembamba, zenye ncha pande zote mbili, maelfu. Ni mwaka 1961 ambapo madaktari wawili wa Philadelphia, McCarty na Hollander, walionyesha kwamba sindano hizi zinaweza kutambulikana kwa mwanga maalumu katika maji yanayotolewa kwenye kiungo kilichovimba. Toka siku hiyo gauti ina ushahidi unaoonekana kwa macho. Baba alipoinua kichwa alisema neno moja tu: "Sindano." Nilimwona ametulia kuliko alivyokuwa wiki nzima. Avenyu ilikuwa ikisema dawa ya kukanyaga, na yeye alikuwa ameona fuwele.

Nieleze kidogo, kwa sababu wengi mnaoniandikia mmeambiwa tu "acha nyama." Mwili kila siku unavunja vitu viitwavyo purini. Baadhi vinatoka kwenye nyama, samaki wadogo wa ndakala na bia, lakini sehemu kubwa inatoka kwenye seli zetu wenyewe zinapokufa. Mwisho wa kuvunjwa ni asidi uriki, na kazi ya kuitoa ni ya figo hasa. Mbwa anayelala kizingitini kwetu anakula utumbo na mifupa mwaka mzima bila kuugua kidole, kwa sababu ana kimeng'enya kiitwacho urikase kinachoigeuza asidi hiyo kuwa kitu kinachoyeyuka kirahisi. Mababu wa binadamu walikipoteza kimeng'enya hicho yapata miaka milioni 15 iliyopita. Sisi tumebaki kuzitegemea figo. Kiwango kikipita karibu miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, asidi inaanza kuganda, na inapenda pale palipo na baridi: kidole gumba cha mguu, ukingo wa sikio, kiwiko. Askari wa mwili wakizikuta zile sindano wanazishambulia, na hapo mtu analia kwa sababu shuka imemgusa mguu. Zikikaa miaka, zinajikusanya kuwa vinundu. Baba ana vinundu 11. Amevihesabu mwenyewe.

Aibu ilimuumiza karibu sawa na maumivu. Watu walisema alikunywa pensheni yake yote kwa bia baridi ya Simba. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliwahi kumnyima kipande cha mbuzi siku ya Krismasi mbele ya wajukuu. Miaka michache baadaye nikakutana na utafiti uliochapishwa 2018 katika jarida la BMJ: kati ya maelfu ya watu waliopimwa, tofauti za chakula zilieleza chini ya asilimia 1 ya tofauti za asidi uriki katika damu, wakati urithi ulieleza karibu asilimia 24. Bia inaweza kuamsha shambulio, hilo ni kweli, lakini haikuujenga ugonjwa wa baba. Nilimtafsiria. Alinyamaza, kisha akauliza swali la mchukua sampuli: "Balipima banani?" Nikarudi kusoma. Walikuwa Wamarekani wenye asili ya Ulaya, wote. Baba akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Akasema: "Udongo ya Kipushi haisemaka mambo ya Kolwezi." Ni miji miwili ya migodi: sampuli ya mmoja haikuambii kilichomo katika mwingine.

Sentensi hiyo imenikaa kichwani miaka mitatu, na ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Kwanza lazima niseme ukweli mmoja kuhusu ile gauti inayoitwa sugu. Nyingi si sugu. Dawa yake kubwa, allopurinol, iliruhusiwa Marekani mwaka 1966, mwaka uleule ambao Élisabethville iliitwa Lubumbashi. Ilitoka kwenye maabara ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliokuwa wanatafuta namna ya kusaidia dawa ya saratani ya damu; walipata Nobel mwaka 1988. Ni kidonge cha bei nafuu, kimezeeka pamoja na mji wetu, na bado tunakitumia vibaya. Mtu anaanzishwa miligramu 100, hakuna anayepima tena, miaka inapita, vinundu vinakua, halafu tunasema dawa imeshindwa. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Nottingham, Uingereza, lenye wagonjwa 517. Nusu walibaki kwa daktari wao wa kawaida. Nusu walipewa wauguzi, wauguzi kama mimi, waliokaa nao, wakawaeleza, wakapima, wakaongeza dozi pole pole mpaka asidi ishuke chini ya 6. Baada ya miaka 2, kwa wauguzi asilimia 95 walikuwa wamefika. Kwa wengine, asilimia 30. Dozi ya wastani ya allopurinol kwa wauguzi ilikuwa miligramu 460 kwa siku, upande wa pili 230.

Niliusoma ule utafiti usiku wa zamu nikiwa nimesimama. Sijawahi kusoma kitu cha kitabibu kilichonipa heshima ya kazi yangu namna hiyo. Hapakuwa na dawa mpya hata moja. Palikuwa na mtu anayesikiliza, na labo inayopima kila mara. Na palikuwa na onyo ambalo sisi hatulitoi: miezi ya kwanza, asidi inaposhuka, fuwele za zamani zinaanza kulegea na mashambulio yanaweza kuongezeka, ndiyo maana mgonjwa hukingwa kwa kolchisini kidogo. Bila kumwambia hivyo, atatupa vidonge wiki ya tatu, na ana haki.

Lakini baba yangu ni wa ile gauti ngumu kweli, na ugumu wake tuliutengeneza sisi. Kwa miaka mingi alitembea na diclo mfukoni, indo kwenye kabati, zote dawa za maumivu, na kila mguu ulipovimba alichomwa dexa, sindano ya kutuliza uvimbe, kwenye kituo kimoja cha afya nisichokitaja. Asubuhi yake alikuwa anatembea, kwa hiyo kila mtu alifurahi. Figo hazikufurahi. Kisha kituo hichohicho kikamwanzishia allopurinol miligramu 300 siku ya kwanza, bila kupima figo. Kwa mzee mwenye figo zilizochoka unaanza 50 au 100, unapanda kwa hatua. Wiki ya tatu alitoka upele, homa, vidonda mdomoni, ngozi ya kifua ikaanza kubanduka. Ni mzio adimu, lakini unaua. Alilala hospitali siku 16. Alipotoka, allopurinol ilikuwa imefungwa kwake maisha yote.

Tukabaki na febuxostat, dawa nyingine ya kushusha asidi. Binamu yangu anayeendesha lori alikuwa anatuletea kutoka Zambia, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, makasha mawili mawili. Nayo tuliiogopa, kwa sababu jaribio la 2018 lilionyesha vifo vingi zaidi vya moyo kwa walioitumia kuliko kwa waliotumia allopurinol. Jaribio jingine la 2020, lililofanyika Uingereza, Denmark na Sweden, halikuona hatari hiyo. Daktari wake alibadilisha pia dawa ya presha: akaondoa ile ya kukojoza, ambayo hupandisha asidi uriki, akaweka losartan, ambayo huishusha kidogo. Kutoka 12.1 akafika 7.3. Ni hatua, lakini juu ya 6.8 fuwele haziyeyuki, na kwa mtu mwenye vinundu madaktari wanataka chini ya 5.

Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia dawa mpya, usiku, kwa bando la simu.

Kubwa kuliko zote ni pegloticase, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2010. Wazo lake ni zuri sana: kumrudishia binadamu ile urikase aliyoipoteza. Wameitengeneza kwa kuunganisha ya nguruwe na ya nyani, wakaivika koti la kemikali ili ikae muda mrefu katika damu, na inaingizwa kwa dripu kila wiki 2. Ikikubali, asidi uriki inashuka karibu na sifuri na vinundu vinayeyuka kwa miezi, vinundu vilivyojengwa miaka 20. Niliona picha za mikono kabla na baada, nikamwonyesha baba. Alishika simu kwa mikono miwili.

Tatizo ni kwamba mwili unaitambua kuwa ngeni. Kwenye majaribio ya kwanza asilimia 42 tu waliendelea kunufaika mpaka mwezi wa sita. Wengi wa waliobaki walitengeneza kingamwili, na wengine walipata mzio mkali mbele ya dripu. Watafiti wakaongeza methotrexate, kidonge kinachotuliza kinga, mara moja kwa wiki. Kwenye jaribio la watu 152 waliofaulu wakawa asilimia 71, dhidi ya 39 kwa waliopewa dripu pamoja na kidonge kitupu, na mwaka 2022 mchanganyiko huo ukaingia rasmi kwenye maelezo ya dawa. Lakini methotrexate nayo haitaki figo zilizochoka. Kuna nyingine iliyojaribiwa, SEL-212: urikase pamoja na chembe ndogo mno zenye sirolimus, zinazoufundisha mwili kuizoea, mara moja tu kwa mwezi. Katika jaribio moja, asilimia 56 ya waliopewa dozi kubwa walifika lengo, dhidi ya asilimia 4 ya wasiopewa.

Nilikuwa nimeshaanza kuota. Nilikuwa nahesabu nauli, nahesabu ndugu. Kisha nikafika kwenye ukurasa wa watu wasioruhusiwa kupewa, na wa kwanza kabisa alikuwa mtu mwenye upungufu wa G6PD.

Wauguzi wa huku tunaijua G6PD kwa sababu ya malaria. Ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu wake unarithiwa, unawapata wanaume zaidi, na umeenea pale ambapo malaria imekaa vizazi na vizazi, kwa sababu anayeupungukiwa ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Damu ilifanya biashara hiyo na mbu kabla ya mababu zetu kufyatua shaba ya kwanza. Sasa, urikase inapovunja asidi uriki inatoa haidrojeni peroksaidi, yaani yaleyale maji yanayotoa povu tunapoosha vidonda. Mtu wa kawaida anayazima. Asiye na G6PD ya kutosha, chembe zake nyekundu zinapasuka.

Soma tena hapo, msomaji wangu. Dawa yenye nguvu kuliko zote kwa gauti sugu imejengwa juu ya kemia ambayo kwa watu wengi wa kanda yetu inaweza kuwa sumu. Waliotengeneza hawakukosea, wanaandika wazi kwamba wenye asili ya Afrika wapimwe kwanza. Lakini kupimwa ili uondolewe si sawa na kutafutiwa dawa. Majaribio makubwa ya hizi urikase yamefanyika Marekani kwa sehemu kubwa, na SEL-212 ilikwenda pia Ulaya Mashariki. Robo mbili za rundo ziliwekwa pembeni kabla ya kuchanganya.

Nilipeleka damu ya baba kupimwa. Matokeo yalirudi baada ya siku 9: anayo kidogo mno.

Jioni ile tuliongea uani, baba, mimi na baba mudogo, mdogo wake. Baba mudogo alifurahi kabisa. "Muzuri. Banataka tu kutufanya bakobayi." Yaani wanyama wa kufanyiwa majaribio. Sikumcheka, na ninaomba mtu yeyote asicheke neno hilo. Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, watu zaidi ya 200,000 walipewa chanjo ya polio iliyokuwa bado katika majaribio, chini ya utawala ambao haukumwuliza Mkongomani anakubali nini. Hofu ya baba mudogo ina mizizi.

Lakini nilimkumbusha jambo jingine la hukuhuku kwetu. Mwezi wa 11 mwaka 2018, katikati ya vita na Ebola, lilianza jaribio la dawa nne, likaendeshwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe. Wagonjwa walikubali wao au familia zao, kila mmoja alipata dawa mojawapo na huduma ileile, na mwaka 2019 likasimamishwa mapema kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimeonyesha wazi kuokoa watu zaidi. Mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Dunia inaitumia leo. Kwa hiyo jaribio safi linawezekana nchini mwetu, hata risasi zikilia.

Baba alikuwa kimya mpaka hapo. Kisha akasema, pole pole: "Kama banapima batu ya kwabo tu, dawa itajua batu ya kwabo tu. Mi niko tayari banipime. Si ile ya kupasula damu. Ingine."

Na nyingine zipo. Kuna vidonge vinavyofunga mlango wa figo uitwao URAT1, ule unaorudisha asidi uriki kwenye damu badala ya kuiacha itoke kwenye mkojo. Japani iliruhusu kimoja, dotinurad, mwaka 2020. Pozdeutinurad imekuwa ikijaribiwa, hata kwa watu wenye vinundu. Vidonge hivi havitoi ile peroksaidi, kwa hiyo G6PD haina ugomvi navyo, na havihitaji dripu kila wiki 2. Vinahitaji figo ziangaliwe kwa karibu: lesinurad, ya familia hiyohiyo, ilikuja na onyo kali la figo, na mtengenezaji aliiondoa sokoni Marekani mwaka 2019 kwa sababu za biashara. Ndiyo maana hasa ninataka vijaribiwe kwa watu kama baba, wenye figo nusu na damu ya nchi ya malaria, kwa idhini yao, kwa labo inayopima kila wiki, na kwa ahadi iliyoandikwa kwamba dawa ikifaa hawataachwa bila hiyo siku jaribio linapoisha. Nimewaandikia walimu wawili wa kitivo cha tiba hapa mjini. Mmoja amenijibu, tumekutana mara moja, ameniomba nianze kukusanya wagonjwa wa gauti wa Katuba na Kenya (si nchi, ni mtaa wa hapa Lubumbashi) kwenye daftari moja: umri, asidi uriki, figo, G6PD. Mpaka leo wako 23. Kama uko Lubumbashi na unaishi na ugonjwa huu, mwombe muuguzi wako vipimo hivyo vitatu, uvitunze kwenye karatasi yako mwenyewe.

Baba hakusubiri daftari langu. Alinunua kubwa, la mistari, akalichora kwa rula kama yale ya kiwandani. Tarehe. Saa. Kiasi. Juzi tulipima, ikatoka 6.4, kwa mara ya kwanza chini ya 6.8. Aliiandika kwa biki ya bluu, taratibu, maana kile kidole bado hakijakunja vizuri. Na kwenye safu ya mwisho, pale ambapo zamani aliandika jina la mgodi sampuli ilikotoka, sasa anaandika Katuba.